Mathias Kiwanuka: Mjukuu wa Jaji Mkuu wa Uganda aliyetwaa Super Bowl mara mbili

Jina la Kiwanuka likitajwa mjini Kampala, wengi humkumbuka Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na Jaji Mkuu aliyetolewa kwa nguvu mahakamani mwaka 1972 asionekane tena. Likitajwa jijini New York, mashabiki wa mpira wa Kimarekani humkumbuka mtu mwingine: mlinzi mwenye kimo cha karibu mita mbili aliyevaa jezi ya buluu ya New York Giants kwa misimu tisa, kuanzia 2006 hadi 2014. Wawili hao ni babu na mjukuu, ingawa hawakuonana. Mjukuu alizaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya babu kutoweka.

Mathias Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Machi 1983 mjini Indianapolis, katika jimbo la Indiana, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Uganda. Katika ligi kuu ya nchi hiyo, NFL, aliichezea timu moja tu, nayo ikatwaa Super Bowl mara mbili: mara ya kwanza yeye akiwa majeruhi, mara ya pili akiwa uwanjani, katika mji uleule aliozaliwa. Hakuwahi kuteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi, wala hatajwi miongoni mwa walinzi wakubwa wa enzi yake. Alihamishwa nafasi mara kwa mara ili wenzake wapate nafasi zao, akaumia katika nyakati mbaya kuliko zote, na hata hivyo klabu haikumwacha kwa karibu muongo mzima.

Babu aliyeishia mahakamani

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 huko Masaka, Buganda. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumikia jeshi la Uingereza, kisha akasoma Basutoland, nchi ambayo leo huitwa Lesotho, na baadaye sheria mjini London. Mwaka 1958 alichaguliwa kukiongoza chama cha Democratic Party, chenye mizizi mirefu miongoni mwa Wakatoliki wa Uganda. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa 1961, ambao wafuasi wengi wa Kabaka waliususia, naye akawa mkuu wa serikali. Tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopewa madaraka ya ndani, cheo chake kikawa waziri mkuu. Alikaa nacho miezi miwili tu. Uchaguzi wa Aprili ulimpa ushindi Milton Obote akishirikiana na chama cha Kabaka Yekka, na ni Obote aliyepokea uhuru tarehe 9 Oktoba mwaka huo.

Mwaka 1969 Obote alimtia Kiwanuka kizuizini. Idi Amin, alipotwaa madaraka Januari 1971, alimwachia huru, na katika mwaka huohuo akamteua kuwa Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza wa Uganda kushika wadhifa huo. Maelewano yao hayakudumu. Septemba 1972 ulikuwa mwezi wa hofu. Amri ya kuwafukuza Waasia ilikuwa ikitekelezwa, na tarehe 17 wapiganaji waliomuunga mkono Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania na kurudishwa nyuma. Katika siku hizohizo Jaji Mkuu alikuwa ameamuru kuachiwa kwa mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba watu wa Amin waliingia katika Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata na kuondoka naye. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana. Amin alibaki madarakani hadi Aprili 1979, pale majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia Kampala.

Leo Idara ya Mahakama ya Uganda humkumbuka kwa mhadhara unaofanyika mwezi Septemba. Habari za babu huyo hazikukosa kutajwa na magazeti ya Marekani kila mjukuu alipofanya jambo uwanjani, na huenda kwa Wamarekani wengi ndiyo mara ya kwanza waliposikia kwamba Amin alimuua hata Jaji Mkuu wake mwenyewe.

Jina lenyewe lina historia yake. Katika imani za kale za Buganda, Kiwanuka ndiye lubaale wa radi. Wachezaji wenzake, kwa mazoea ya Kimarekani ya kukata majina marefu, walimwita "Kiwi", na radi ikageuka tunda.

Kazi ya mlinzi wa pembeni

Kijana huyo alisoma Cathedral, shule ya sekondari ya Kikatoliki mjini Indianapolis, kisha akajiunga na Boston College, chuo kikuu cha Wajesuti katika jimbo la Massachusetts. Huko ndiko alikopata sifa, na kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, inafaa kueleza sifa hiyo ilikuwa ya kitu gani.

Katika mpira wa Kimarekani kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa hupoteza mpira. Anayeendesha mashambulizi ni mrushaji, ambaye Wamarekani humwita kwotabeki. Husimama nyuma ya ukuta wa watu wazito, akitafuta mwenzake wa kumrushia mpira. Mlinzi wa pembeni huanza akiwa ameinama, mkono mmoja ukiwa chini, na kazi yake ni kuuzunguka au kuuvunja ukuta huo ili amwangushe mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Aghalabu ana muda wa sekunde tatu hivi. Anahitaji kasi ya mkimbiaji wa mbio fupi na uzito wa mcheza mieleka, mchanganyiko ambao maumbile hayautoi kwa wengi. Kila tendo la kumwangusha mrushaji huandikwa katika kumbukumbu za mchezaji; walinzi wawili wakimwangusha kwa pamoja, kila mmoja hupewa nusu.

Kwa hesabu hiyo, Kiwanuka aliwaangusha warushaji mara 37.5 akiwa Boston College, idadi iliyokuwa rekodi ya chuo hicho. Mwaka 2004 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa kundi la vyuo la Big East. Alikuwa na uzito wa kilo 120 hivi, na mikono mirefu iliyowazuia walinda mrushaji wasimkaribie.

Timu za NFL hugawana vijana wa vyuo kwa uteuzi unaofanyika kila mwaka, timu zilizofanya vibaya zikitangulia kuchagua. Mwaka 2006 Giants walikuwa na zamu ya 25. Wakaiuza kwa Pittsburgh Steelers, wakarudi nyuma hadi zamu ya 32, ya mwisho katika duru ya kwanza, na bado wakamkuta Kiwanuka. Steelers walimchukua Santonio Holmes, ambaye miaka mitatu baadaye alitangazwa mchezaji bora wa fainali. Ni nadra biashara ya namna hiyo kuzinufaisha pande zote mbili.

Hata hivyo uteuzi huo uliwashangaza wengi. Giants tayari walikuwa na Michael Strahan, aliyeweka rekodi ya ligi mwaka 2001 kwa kuwaangusha warushaji mara 22.5 katika msimu mmoja. Walikuwa na Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria. Walikuwa pia na kijana Justin Tuck. Wote walikuwa walinzi wa pembeni. Kumwongeza wa nne kulikuwa sawa na kumwajiri nahodha katika jahazi lenye manahodha watatu. Tangu siku hiyo, Kiwanuka alipata nafasi aliyoizoea pale tu mwenzake mmoja alipoumia au kuondoka.

Siku alipomwachia

Tukio linalokumbukwa zaidi katika maisha yake ya uwanjani lilitokea katika msimu wake wa kwanza, nalo ni la kushindwa. Tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville, Giants waliingia robo ya mwisho wakiwa mbele ya Tennessee Titans kwa 21-0. Katika dakika 10 za mwisho Titans walianza kuamka. Walifunga mara moja, wakafunga tena, kisha, muda ukiwa unayoyoma na Giants wakiongoza kwa pointi saba, wakajikuta katika jaribio la nne huku wakihitaji yadi 10 kamili. Wakishindwa hapo, mchezo umekwisha.

Kiwanuka aliupenya ukuta, akamfikia mrushaji wao, kijana mgeni wa ligi aitwaye Vince Young, akamzungushia mikono. Young hakuwa na pa kwenda. Kisha Kiwanuka akamwachia.

Baadaye alieleza kwamba aliamini mpira ulikuwa umeshatoka mkononi mwa Young. Kumwangusha mrushaji ambaye amesharusha ni kosa linaloitoza timu yadi 15, na adhabu hiyo ingewapa Titans kile walichokuwa wakikitafuta. Lakini mpira haukuwa umetoka. Young aligeuka, akakimbia yadi 19 na kuihuisha timu yake. Zikiwa zimebaki sekunde 44 Titans walisawazisha. Muda mfupi baadaye mpira uliorushwa na Eli Manning wa Giants ukanaswa na mpinzani. Na sekunde sita kabla ya filimbi ya mwisho mkwaju wa yadi 49 wa Rob Bironas ukapita katikati ya milingoti. Titans 24, Giants 21.

Picha ya mlinzi akifungua mikono yake ilioneshwa mara nyingi mno katika televisheni za Marekani. Kocha Tom Coughlin hakuficha hasira yake. Ukiitazama leo, picha hiyo ni ya kijana mtiifu kupita kiasi. Ligi ilikuwa imekaza kanuni za kuwalinda warushaji, makocha waliwaonya walinzi wao wasitozwe adhabu, na mchezaji aliyefunzwa hivyo alipaswa kuamua katika robo ya sekunde kama atii mafunzo au aamini mikono yake. Msimu uleule alimaliza akiwa amewaangusha warushaji mara nne na kunasa mipira miwili ya wapinzani, hesabu nzuri kwa mgeni, lakini si hesabu hiyo iliyokuwa ikisimuliwa.

Kuhamishwa, kuvunjika, kurudi

Mwaka 2007 Giants walipata jawabu la wingi wa walinzi wao wa pembeni: walimrudisha Kiwanuka mstari wa pili. Kwa mtazamaji hizo ni hatua chache tu kutoka alipokuwa. Kwa mchezaji ni kazi nyingine kabisa. Mlinzi wa mstari wa pili husimama wima, husoma mchezo kabla ya kwenda, na mara nyingi hulazimika kukimbia kinyumenyume kuwafuata wapokeaji wepesi wa mpira. Aliyezoea kushambulia anafundishwa kungoja. Kiwanuka alijifunza, na hadi katikati ya Novemba alikuwa amewaangusha warushaji mara 4.5 kutoka katika nafasi ambayo hakuwahi kuicheza.

Tarehe 18 Novemba, katika mechi dhidi ya Detroit Lions, alivunjika mfupa wa mguu na msimu wake ukaishia hapo. Giants wakaendelea bila yeye hadi fainali ya Februari 2008 huko Arizona, dhidi ya New England Patriots waliokuwa hawajapoteza hata mechi moja msimu huo. Ulinzi wa Giants ulimwangusha Tom Brady mara tano, na ushindi wa 17-14 ukawa miongoni mwa matokeo yaliyowashangaza watu zaidi katika historia ya mchezo huo. Tendo lililouzaa ushindi huo lilikuwa hili: walinzi wa Patriots walimshika Eli Manning kwa jezi, akawaponyoka, akarusha mpira mrefu ulionaswa na David Tyree akiubana kwenye kofia yake. Safari hii aliyeponyoka alikuwa wa kwao. Kiwanuka alipata pete ya ubingwa kama wachezaji wenzake, lakini fainali aliitazama kutoka nje ya mistari.

Strahan alistaafu baada ya ushindi huo, na Agosti 2008 Umenyiora akaumia goti na kuukosa msimu mzima. Kiwanuka akarudishwa pembeni, mkono chini, na kuwaangusha warushaji mara nane, idadi kubwa kuliko zote katika maisha yake ya NFL. Umenyiora aliporejea mwaka uliofuata, nafasi ikapungua tena, na hesabu ya Kiwanuka ikashuka hadi tatu.

Msimu wa 2010 ulianza kana kwamba mambo yangebadilika. Katika mechi tatu za mwanzo aliwaangusha warushaji mara nne, kasi ambayo wachache katika ligi walikuwa nayo. Kisha ikagundulika kwamba diski moja katika uti wa shingo yake ilikuwa imechomoza. Jeraha la aina hiyo linaogopwa kuliko mguu uliovunjika. Mfupa wa mguu huunga. Shingo ya mlinzi, ambaye kila mchezo hugongana kichwa na mabega na watu wa kilo 140, hubeba uti wa mgongo ambao ukiguswa vibaya mtu anaweza asisimame tena. Alionwa na madaktari bingwa kadhaa, na hakucheza tena mwaka huo. Wapo wachezaji ambao habari zao huishia katika sentensi ya namna hiyo.

Fainali nyumbani

Alirejea mwaka 2011, Giants wakamhitaji tena mstari wa pili kwa sababu ya majeruhi, naye akaenda. Timu ilimaliza msimu wa kawaida kwa ushindi mara 9 na kushindwa mara 7, rekodi ambayo hakuna bingwa wa Super Bowl aliyewahi kuwa nayo kabla yao. Lakini katika hatua ya mtoano iliwatoa wapinzani mmoja baada ya mwingine, hadi ikakutana kwa mara nyingine na Patriots.

Fainali hiyo ilichezwa tarehe 5 Februari 2012 katika uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis. Mji huo haukuwa umewahi kuandaa Super Bowl. Kwa hiyo mtoto wa wahamiaji wa Uganda, aliyeitazama fainali ya kwanza akiwa majeruhi, alicheza ya pili katika mji aliokulia. Patriots waliongoza kwa 17-15 hadi dakika ya mwisho, kisha wakaamua kwa makusudi kumwachia mkimbiaji wa Giants, Ahmad Bradshaw, avuke mstari ili wao wabakiwe na muda wa kujibu. Bradshaw alitambua hila hiyo akiwa njiani, akajaribu kusimama, kasi ikamzidi, akaanguka ndani ya eneo la goli akiwa ameketi. Mpira wa mwisho uliorushwa na Brady ulianguka katikati ya umati wa wachezaji bila ya kunaswa na yeyote. Giants 21, Patriots 17.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Mwaka 2013, Umenyiora akiwa ameondoka, Kiwanuka alipata tena nafasi pembeni na kuwaangusha warushaji mara sita. Msimu wa 2014 uliishia katika jeraha la goti.

Alifuatiwa katika ligi hiyo na Mwafrika Mashariki mwingine, kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 2013 klabu ya Indianapolis Colts ilimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga na ambaye hakuwahi kucheza mpira wa Kimarekani. Aliwekwa mstari wa pili wa ulinzi, nafasi ileile ambayo Kiwanuka alilazimika kujifunza, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Umenyiora naye, baada ya kustaafu, ameongoza juhudi za NFL za kutafuta vipaji barani Afrika, juhudi ambazo zimefika hadi Nairobi. Si ajabu kwamba wengi wanaotoka barani hupelekwa upande wa ulinzi. Kuongoza mashambulizi kunataka miaka ya mafunzo tangu utotoni. Umbo kubwa lenye kasi laweza kufundishwa kumkimbilia mrushaji katika muda mfupi zaidi. Kiwanuka, aliyelelewa ndani ya mchezo huo, hakuhitaji njia hiyo ya mkato.

Mapema mwaka 2015, Giants walivunja mkataba wake. Alikuwa amewaangusha warushaji mara 38.5 katika misimu tisa, karibu sawa na idadi aliyoipata katika miaka yake ya chuo, na zaidi ya theluthi moja ya hesabu hiyo ilitoka katika misimu miwili tu, 2008 na 2013, yote miwili Umenyiora akiwa hayupo uwanjani. Hakuichezea timu nyingine.